Maneno Aliyoambiwa Mbuzi

Jumapili, 14 aprili

Sambaza, samaki zangu ndogo, hazikauki. Wiki nzima naanika asubuhi juu ya mawe, mvua inakuja, naanua. Jua linachungulia kidogo, naanika tena, mvua inarudi. Leo zimeanza kunuka. Kidogo nimekaanga, tumekula na bugali. Zilizobaki nimetupa, roho inauma.

Ziwa limepanda. Lile jiwe ninalofulia nguo halionekani tena. Miaka yote Faida anateremka na bidon kutafuta maji, sasa maji yanapanda kumutafuta yeye. Nimemuambia hivyo, hakucheka. Binti yangu ana miaka kumi na saba na hajui kucheka maneno ya mama yake.

Asante Mungu, mabati hayavuji. Papa Faida, bwana yangu, hakuwa mutu wa kupiga musumari nusu. Yuko kaburini na bado ananifunika.

Jumatano, 17 aprili

Mvua usiku kucha. Asubuhi Mama Yosua, jirani wa juu, alitoka nje akasema na mbuzi wake. Mbuzi anaitwa Madamu.

"Madamu, huko chini watu wanalala kabisa, kama vile ziwa limewaahidi kitu."

Alisema kwa nguvu, uso umeelekea kwangu. Nilikuwa nasugua sufuria. Nikaiambia sufuria: "Sisi na wewe tumekaa hapa miaka mingi. Hatufundishwi ziwa na mbuzi."

Faida akaweka mikono kichwani. Akaniuliza mbona hatusemeshani kama watu wengine. Nilitaka kumujibu haraka, nikaona hata mimi nilianza kusahau vizuri. Basi niandike.

Kati ya paseli yangu na yake, viwanja vyetu, kuna ukuta wa mawe meusi, haya yetu ya volkano. Bwana yangu na bwana yake waliujenga pamoja. Kwenye kona kuna jiwe moja kubwa, bapa, la watu wanne kulibeba. Papa Yosua alipokufa, Mama Yosua akasema lile jiwe limesogea hatua moja ndani ya kwake. Papa Faida akasema halijasogea, waliliweka hapo wote wawili. Halafu na yeye akafa. Wanaume waliojua wamekwenda wote, kila mumoja na ukweli wake. Mama Yosua akaapa mbele ya mama wote wa korali ya kanisa: hatanisemesha mpaka jiwe litoke pale lilipo. Na mimi nikasema halitoki. Mikono ya bwana yangu ndiyo iliyoliweka.

Yeye ni mutu wa kushika kiapo. Kwa hiyo anasema na mbuzi. Miaka sita sasa.

Jumamosi, 20 aprili

Maji yamefika kwenye mawe ya kuanikia. Sina tena mahali pa kuanika. Wavuvi wenyewe wanauliza, Mama Faida, leo tukuletee? Nasema hapana, nitazianika juu ya kichwa?

Viatu vya shule vya Faida vimeota ukungu. Nimevipangusa na mafuta ya mawese. Sasa vinang'aa kuliko vilipokuwa vipya. Hilo nalo ni la kushukuru.

Jumatatu, 22 aprili

Nimeona kitu ambacho sikutaka kuona. Nyumba ya Papa Inosenti, yule wa karibu kabisa na maji, imekwenda. Upepo ulitoka upande wa kisiwa cha Idjwi, mawimbi yakapiga ukuta wa chini, mbao zikaachana. Alikuwa amesimama kwenye maji mpaka kiunoni anashika ubao mumoja. Ubao mumoja tu. Zingine zilielea mbele yake na yeye anaziangalia. Watu wa mitumbwi walizikusanya, na kila mutu anajua hazitarudi.

Walimufungulia darasa kwenye shule ya msingi. Analala pale na watoto wake na watu wengine wa pembeni ya ziwa.

Naogopa. Naandika wazi. Naogopa sana. Nyumba hii ndiyo kitu pekee Papa Faida alituachia. Mbao za muti wa libuyu, alizinunua chache chache, alizikausha mwenyewe, alizipaka mafuta machafu ya gari ili wadudu wasile. Nikiipoteza, sitajenga nyingine. Najijua.

Jumanne, 23 aprili

Hakuna mvua leo. Ziwa limepanda hata hivyo.

Alhamisi, 25 aprili

Maji kwenye kizingiti. Kitanda nimekiinua na mawe. Vitabu vya Faida viko juu kwenye boriti, amevifunga kwenye mfuko wa sementi. Ana mitihani mwezi wa sita. Anasoma amesimama, miguu ndani ya maji, na simu mukononi ikimulika. Nilimuangalia tu, nikasema Mungu aksanti kwa huyu.

Muzee chef wa avenii, mukubwa wa mutaa wetu, alipita. Alisema Jumamosi ni salongo, kazi ya pamoja, na salongo ya safari hii si ya kufagia barabara. Wanaume wote watakuja kufungua nyumba za huku chini kabla hazijachukuliwa. Hapa kwetu nyumba ya mbao ni kama kitanda, unaifungua, unaibeba, unaifunga pengine. Tulifanya hivyo volkano ilipokuja. Lakini akaniuliza swali baya: "Mama Faida, tutaipeleka wapi?"

Sina pengine. Kaka yangu yuko Kibumba, ananiambia nije. Kibumba hakuna ziwa. Nitaanika nini, viazi? Na Faida mitihani atafanyia wapi? Na mbao bila paseli ni kuni tu. Ukiziacha barabarani usiku mumoja, asubuhi unakuta misumari.

Nikamuambia muzee nitatafuta. Akaangalia juu, upande wa Mama Yosua, ambaye ana nafasi kubwa nyuma ya nyumba yake. Akaniangalia mimi. Nikaangalia maji.

Siwezi kumuomba. Hata nikitaka, nitamuomba mutu asiyenijibu? Mdomo wangu ni muzito kuliko lile jiwe.

Ijumaa, 26 aprili

Leo jioni. Nitaandika neno kwa neno.

Nilikuwa nje napiga maji na beseni, kazi ya kichaa, unatoa beseni moja yanaingia mawili. Mama Yosua akatoka na kamba. Akamufungua Madamu, akamuvuta mpaka karibu na ukuta, akasimama. Akasema:

"Madamu, kesho utalala pembeni ya jikoni. Pale nyuma unapolala patakuwa na nyumba ya watu. Usinililie. Mbuzi ana manyoya, mutoto wa shule hana."

Halafu akaondoka. Hakuniangalia hata kidogo.

Nilikaa ndani ya maji. Nilikaa kweli, na nguo zangu. Nikalia mpaka Faida akatoka kuniinua. Halafu nikaita sufuria, haikuwepo karibu, nikaliambia beseni kwa sauti ya kufika kule juu: "Beseni, aksanti. Aksanti sana."

Hatua moja ya ardhi tumegombania miaka sita. Leo amenipa nyuma yote ya nyumba.

Jumamosi, 27 aprili

Wamekuja wengi. Sikujua nina watu hivi. Wavuvi wa sambaza, vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mama wa korali na sufuria za chai. Papa Inosenti ambaye nyumba yake imekwenda, alikuja na nyundo ya kuazima akaanza kazi wa kwanza. Nilimuambia Papa Inosenti, wewe pumzika. Akanijibu: "Mama, niache. Yangu sikuiwahi. Hii tutaiwahi."

Yosua, mutoto mukubwa wa Mama Yosua, ndiye aliyeongoza. Yeye ananisalimia siku zote, ugomvi wa mama yake haujamuingia. Mabati kwanza, halafu boriti, halafu kuta. Kuta hawakuzivunja ubao kwa ubao, walizikata kwenye pembe, zikashuka nzima nzima. Mimi nilikuwa na kipande cha kala, makaa ya jikoni. Niliandika juu ya kila ukuta: MBELE, NYUMA, ZIWA, BARABARA. Nilijivuna na akili yangu.

Walivusha kuta juu ya vichwa, maji kwenye mapaja. Juu, chukudu zilikuwa zinangojea. Ukuta wa mbele ulipita mbele yangu na mulango wake ndani, umefungwa, kufuli juu yake. Nilikuwa nimesahau kutoa kufuli. Watu wakaanza kunitania, Mama Faida anaogopa tutaingia.

Halafu mvua. Mvua ile ya kupiga mugongo. Tukafunika kila kitu na mashitingi ya plastiki na kukimbia.

Tunalala kwa Mama Yosua, kwenye salon ya kupokelea wageni, mimi na Faida, kwenye godoro lake zuri. Ndani ya nyumba hakuna mbuzi. Nilijiuliza atafanyaje. Alileta chakula, sombe na samaki, akaweka mezani, akaiambia taa: "Taa, chakula kinapoa."

Faida alicheka mpaka akatoka nje. Na mimi kidogo. Nikajibu taa kwamba kinanukia.

Nimeshiba. Niko pakavu. Godoro linanukia sabuni. Asante, asante, asante.

Jumatatu, 29 aprili

Asubuhi tulifunua kuta. Mvua iliingia chini ya mashitingi na kufuta maandishi yangu yote. Hakuna MBELE, hakuna ZIWA. Kuta nne nyeusi nyeusi. Yosua akasema tusiogope, nyumba itajikumbuka yenyewe.

Shida ya leo ilikuwa nyingine. Nyuma kwa Mama Yosua panateremka. Lazima tuinue kwa mawe kabla ya kusimamisha kuta, vinginevyo maji ya mvua yatapita chini ya kitanda. Mawe ya kutosha hakuna. Yaliyo barabarani yameshachukuliwa na wenzetu, kila mutu anainua kitu.

Wanaume wakasimama wanajikuna kichwa. Mama Yosua akaja, akamukuna Madamu masikio. "Madamu," akasema, "mawe yapo. Yamelala tu pale kwenye ukuta, hayafanyi kazi yoyote."

Kila mutu kwenye avenii hii anajua ule ukuta.

Yosua akaniangalia. Nikasema bomoeni. Ni mawe tu, nikasema. Wakaanza. Ukuta ulikwisha mbele ya saa sita, mawe yote yakaingia chini ya nyumba yangu. Likabaki lile la kona, peke yake, kama jino.

Hapo wakasimama tena. Walihitaji jiwe kubwa bapa la kuweka mbele ya mulango, la kukanyagia. Papa Inosenti ndiye aliyeuliza, kwa sababu yeye ameshapoteza kila kitu na haogopi mutu. "Mama Faida. Hili tuliguse?"

Niliweka mukono juu yake. Lilikuwa baridi. Nilimuona Papa Faida siku ile waliyoliweka, jasho, shati la njano, wanaimba yeye na Papa Yosua. Nikafikiri: alilipenda jiwe, au aliipenda nyumba? Aliniachia nini hasa? Hakuniachia jiwe.

Nikasema: "Lileteni."

Watu wanne hawakutosha, walikuwa sita. Mama Yosua aliona yote kutoka jikoni. Mikono yake ilikuwa na unga. Hakusema kitu, hata kwa mbuzi.

Jumanne, 30 aprili

Nyumba imesimama. Mabati yamepigiliwa, hakuna musumari nusu, nilisimamia mwenyewe. Nyumba ya Papa Faida haikwenda na ziwa. Nimeandika, nimesoma tena nilichoandika, ni kweli.

Lakini haikujikumbuka. Nilitaka mulango uangalie barabara. Wamekosea. Ukuta wa mbele wameuweka upande wa jikoni ya Mama Yosua, na jiwe limefuata mulango. Mulango wangu na mulango wake wa jikoni inaangaliana, ukinyoosha mikono kidogo unaweza kufungua yote miwili. Dirisha la chumba cha kulala ndilo liko barabarani, wapita njia wanaona kitanda changu. Niliona kosa wakati bati la mwisho limekwisha kupigwa na mvua inaanza. Yosua alishika kichwa. Akasema watafungua tena.

Nikamuambia aache. Watu wamechoka, wamefanya kazi ya bure siku tatu, nitawarudisha juu ya mabati kwa sababu ya dirisha? Nimeweka kitenge.

Usiku huu nimelala kwangu. Kufuli lilifunguka bila shida.

Alhamisi, 2 mai

Jiwe limetoka pale lilipokuwa. Alisema mpaka litoke. Limetoka. Liko mbele ya mulango wangu, kila mutu anakanyaga. Na bado.

Leo asubuhi nilifungua mulango, yeye akafungua wake, uso kwa uso, kila mutu na fagio yake. Nilingoja. Akageuka akamuambia Madamu kwamba leo kuna baridi.

Nimekasirika. Sitaki kukasirika na mutu aliyenipa paseli, lakini nimekasirika. Nimetoa jiwe la bwana yangu. Anataka nitoe nini tena? Sikujibu kwa sufuria. Sufuria imechoka na mimi nimechoka.

Faida anasema nimuache, labda amezoea mbuzi.

Jumamosi, 4 mai

Hakuna mvua, siku ya tatu. Salongo tena, tumefungua nyumba mbili za mwisho za chini. Nilibeba chai. Papa Inosenti amepata mbao chache: wavuvi wawili wamezirudisha wenyewe, usiku, wameziacha mbele ya darasa bila kusema. Alinionyesha. Alizipiga piga kwa mukono kama mutu anayepiga bega la rafiki. Nilikosea juu ya watu wa mitumbwi, na nimefurahi kukosea.

Jumapili, 5 mai

Sikwenda kanisani. Kichwa kinauma, na hasira ya Alhamisi bado kidogo. Nilikaa ndani, mulango wazi.

Ibada ikaisha. Mama Yosua akarudi na kitenge cha korali, kitabu cha nyimbo kwapani. Hakuingia kwake. Alikuja akasimama mbele ya mulango wangu, akaangalia lile jiwe, akaligusa kwa muguu. Halafu akakaa juu yake. Mutu mukubwa, na kitenge cha kanisa, amekaa chini kwenye mulango wangu.

Akasema: "Mama Faida, jiwe limetoka."

Sauti yake. Miaka sita nimeisikia kila siku na haikuwa yangu.

Akaendelea. Akasema hakuweza kunisemesha wiki hii, kwa sababu aliapa mbele ya korali, na mbele ya korali ndipo alipotakiwa kwenda kwanza kusema kwamba limetoka. Leo ameenda. Amesimama akasema. Mama wote wakapiga vigelegele, mchungaji akauliza kuna nini. "Nilikuona Alhamisi," akasema. "Niliona umekasirika. Ulimi uliniuma, Mama Faida. Lakini ningefanyaje?"

Nikamuambia ningejua ningekwenda na yeye kanisani. Akasema: "Ningesemaje ujue?" Tukaangaliana. Tukaangalia mbuzi. Hapo tukacheka, na kicheko kikageuka kilio, yeye kwanza, mimi baadaye, tukamukumbuka Papa Yosua, tukamukumbuka Papa Faida, na wimbo wao ule walioimba vibaya wakibeba mawe. Yeye anaukumbuka wote. Mimi nilibakiwa na nusu tu. Amenirudishia nusu nyingine.

Nilimuuliza kama kweli lilisogea. Akasema hajui tena. Na mimi sijui tena.

Faida alitukuta tumekaa wawili juu ya jiwe moja. Akauliza chakula kiko wapi. Hakuna aliyepika.

Jumapili, 26 mai

Ziwa limeshuka. Si lote, lakini jiwe langu la kufulia limetoka, limejaa tope. Chef wa avenii amesema wanaotaka kurudi chini wajiandae kwa mvua za mwezi wa tisa. Nimemuambia nyumba haishuki. Mama Yosua ameshanikatalia, ananiambia usoni siku hizi, tena kwa sauti, mpaka nimeanza kukumbuka raha ya mbuzi.

Chini pamebaki pa kuanikia. Hakuna ukuta tena. Hatujaweka mwingine wala hatujazungumza juu yake. Asubuhi tunateremka wote wawili na vyandarua vya kuanikia na sambaza, jioni tunapanda. Yeye hajui kuanika, anazirundika, nazitawanya nyuma yake.

Faida anasoma ndani, miguu mikavu, mitihani inakaribia. Madamu amefungwa pembeni ya jikoni. Hakuna anayemuambia kitu, anatuangalia mumoja mumoja, na leo nilimuonea huruma nikamusalimia.

Jua lilikaa muchana wote. Sambaza zimekauka vizuri.